Vijana wa Pajulu, Jukwaa Mnalo: Likamateni!

Mwaka 1828, katika mji wa Coventry nchini Uingereza, kijana mweusi wa miaka 20 alikabidhiwa ukumbi wa maonyesho auendeshe. Wakati huo sheria ya Uingereza ilikuwa bado inaruhusu watu weusi wamilikiwe kama mali katika makoloni yake ya Karibi. Kijana huyo aliitwa Ira Aldridge. Alichagua tamthilia, akapanga waigizaji, akatangaza maonyesho, akasimamia mapato ya mlangoni, na jioni akapanda jukwaani mwenyewe kuigiza nafasi zilizo ngumu kuliko zote. Anatambuliwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza ukumbi wa maonyesho Uingereza.

Namleta kwenu, vijana wa Pajulu, na kwenu ninyi wenzao wa Arua mjini, Vurra, Maracha na Koboko, kwa sababu nimewaona mkiigiza. Nimewaona kwenye sherehe za shule, kwenye sikukuu za kanisani na msikitini, kwenye mikutano ya afya ambako mashirika huwaita mfanye drama ya dakika kumi kuhusu malaria, kisha mnapewa soda na kuambiwa asanteni. Vipaji mnavyo, hilo halina ubishi. Lakini kila tukikaa kuzungumza, maneno ni yale yale: hatuna ukumbi, hatuna mfadhili, Kampala ni mbali, nani atatusikia huku West Nile?

Leo nataka kuwajibu, na jibu langu ni maisha ya mtu huyu. Aldridge alifungiwa milango mikubwa tangu ujana wake. Alichofanya ni kujifunza kazi mbili kwa pamoja: kuigiza, na kuongoza maigizo. Alishika jukwaa, akashika na ufunguo wa ukumbi. Siri yake ni hiyo, na hakuna kinachowazuia ninyi kuifanya yenu.

Alikotoka

Ira Aldridge alizaliwa New York tarehe 24 Julai 1807, wazazi wake wakiwa watu huru. Baba yake, Daniel, alikuwa mhubiri na alitamani mwanawe afuate njia hiyo. Mtoto alisoma African Free School, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto weusi wa mji ule, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maigizo.

Mwaka 1821 mtu mweusi aitwaye William Brown, aliyewahi kufanya kazi ya uhudumu melini, alifungua jijini New York ukumbi wa maonyesho wa watu weusi, African Theatre. Mwigizaji wake mkuu alikuwa James Hewlett. Waliigiza Richard III ya Shakespeare, na watu walijaa. Mwanzoni mwa 1822 walithubutu kukodi ukumbi jirani kabisa na Park Theatre, ukumbi mkubwa wa Wazungu. Polisi waliwavamia, wakawakamata waigizaji na kuwalazimisha waahidi kutoigiza tena Shakespeare. Mwezi Agosti mwaka huo huo genge la wahuni liliwavamia wakiwa kazini, likapiga watu na kuharibu vitu. Brown hakunyamaza. Mwaka 1823 alitoa tamthilia aliyoiandika mwenyewe, The Drama of King Shotaway, kuhusu watu weusi wa kisiwa cha Saint Vincent waliopigana na Waingereza. Baada ya muda mfupi ukumbi ule ulikufa.

Aldridge alikuwa bado kijana mdogo wakati mambo hayo yakitokea. Aliona kwamba Wazungu wenye kumbi walikuwa tayari kutumia rungu ili mtu mweusi asitamke maneno ya Shakespeare. Wengi wangekata tamaa. Yeye alipanda meli mwaka 1824 kwenda Liverpool, akiwa na miaka kama 17, bado hana jina.

Walimcheka, akaendelea

Mwezi Mei 1825 aliigiza Othello, jemadari mweusi katika tamthilia ya Shakespeare, jijini London, kwenye ukumbi mdogo wa mashariki ya jiji uitwao Royalty. Oktoba mwaka huo alipanda daraja, akaigiza Oroonoko, mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyeuzwa utumwani, katika ukumbi wa Royal Coburg, ambao siku hizi unajulikana kama Old Vic. Gazeti la The Times liliandika kwamba midomo yake ilivyoumbwa haimwezeshi kutamka Kiingereza sawasawa.

Hebu litazameni hilo kwa makini. Kiingereza ndicho alichozaliwa nacho. Hawakusema amesahau mistari, hawakusema ameigiza ovyo. Walimhukumu kwa umbo la midomo yake. Mtu akikuhukumu kwa jambo usiloweza kulibadilisha, ujue shida si kazi yako, na usipoteze usiku mzima kumjibu. Aldridge alijibu kwa kuigiza kesho yake, na keshokutwa yake, kisha akaondoka London kwenda mikoani, kwenye miji midogo ambako watu walikuwa na kiu ya kuona maigizo.

Huko ndiko alikokomaa. Maisha ya mwigizaji wa mikoani zama zile hayakuwa ya raha. Unafika mjini kwa gari la farasi, umechoka. Unakutana na waigizaji wa pale ambao hujawahi kuwaona. Mna saa chache za mazoezi, na jioni pazia linafunguliwa. Kesho mnaigiza tamthilia nyingine, keshokutwa nyingine tena. Kwa hiyo ilibidi awe na tamthilia nyingi kichwani, mistari yote, yake na ya wenzake, ili mwenzake akiteleza amdake pale pale. Malipo yake makubwa mara nyingi yalitoka kwenye onyesho moja maalumu, ambalo mapato yake aliachiwa mwigizaji mwenyewe. Ukumbi ukijaa, unakula. Ukiwa mtupu, unalala njaa. Mwigizaji wa namna hiyo hajifunzi kuigiza tu, anajifunza kuwaita watu waje.

Kisha ikaja Coventry. Mwanzoni mwa 1828 aliigiza pale, watu wakampenda, na uongozi wa ukumbi ulipobaki wazi akapewa yeye. Alikaa miezi michache tu, lakini miezi hiyo ilitosha. Alipokuwa akiwaaga watazamaji wake katika miji mbalimbali, alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya pazia na kuzungumza juu ya utumwa. Muda mfupi baada ya kazi yake Coventry, watu wa mji ule walipeleka ombi bungeni wakidai utumwa ukomeshwe. Sheria ya kuukomesha katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833.

Mmeona nguvu ya aliyeshika ufunguo? Mwigizaji aliyeajiriwa hupewa mistari na kuambiwa asimame wapi. Anayeongoza ukumbi ndiye anayeamua mji mzima utaongea nini kesho asubuhi.

Usiku wa Covent Garden

Tarehe 25 Machi 1833, Edmund Kean, mwigizaji maarufu kuliko wote Uingereza, alianguka jukwaani Covent Garden akiigiza Othello. Hakupona, alifariki mwezi Mei. Meneja wa ukumbi, Pierre Laporte, alihitaji mtu wa kushika nafasi ile, akamwita Aldridge.

Tarehe 10 Aprili 1833 Aldridge alipanda mojawapo ya majukwaa ya heshima kuliko yote nchini. Ana miaka 25. Bungeni, si mbali na pale, mjadala wa utumwa unawaka moto. Wenye mashamba ya miwa huko Karibi wana pesa na wana sauti magazetini. Mbele yake wameketi watu waliozoea kumwona Mzungu aliyejipaka rangi akimwigiza Othello, na leo wanamwona mtu mweusi, akimshika mkono Desdemona, mkewe katika mchezo, anayeigizwa na mwigizaji mashuhuri wa Kizungu, Ellen Tree. Waliokuwa ukumbini walimpigia makofi. Baadhi ya magazeti yalimshambulia kwa maneno ya kuumiza, mengine yakakasirika kwamba mikono yake imemgusa bibi yule. Aliigiza mara mbili tu, ukumbi ukafungwa kwa muda, naye hakuitwa tena.

Hapa, vijana wangu, ndipo penye somo lenyewe. Mngefanyaje ninyi? Umefika kileleni, umesimama siku mbili, umesukumwa chini mbele ya nchi nzima. Wapo wenzetu waliokwenda Kampala wakapata nafasi moja kwenye filamu au redio, wakaachwa, wakarudi Arua wameinamisha vichwa, na mpaka leo hawajasimama tena mbele ya watu. Nawapenda na nawaambia: nafasi iliyofungwa haikufuta kipaji chenu.

Aldridge alirudi kwenye miji midogo ya Uingereza na Ireland, akafanya kazi huko kwa karibu miaka 20. Fikirini juu ya miaka 20 hiyo. Usiku baada ya usiku, mji baada ya mji. Aliigiza Othello, na saa ile ile, usiku ule ule, akarudi jukwaani kuigiza Mungo, mtumishi mchekeshaji katika mchezo wa The Padlock, ili watu waliolia waondoke wakicheka. Aliongeza Shylock, Macbeth, Richard III na Mfalme Lear, nafasi za Wazungu, akijipaka rangi nyeupe na kuvaa nywele za bandia, kwa sababu alikataa kufungiwa katika nafasi za weusi peke yake. Karibu mwaka 1850 alichukua Titus Andronicus, tamthilia ambayo ndani yake Aaron mweusi ni mwovu, akasaidiana na mwandishi kuibadilisha hadi Aaron akawa shujaa. Hakusubiri mtu amwandikie nafasi inayomheshimu. Aliitengeneza.

Ulaya ikasimama

Mwaka 1852 alivuka bahari kwenda bara la Ulaya. Alianza Brussels, akapita miji ya Ujerumani na Austria, na baadaye akaingia Urusi. Mfalme wa Prussia alimtunuku nishani ya dhahabu ya sanaa na sayansi, na mwaka 1858 mtawala wa Saxe-Meiningen, dola ndogo ya Kijerumani, akampa nishani na cheo cha heshima. Vijana, kumbukeni The Times na ile habari ya midomo.

Sasa sikilizeni jinsi alivyofanya kazi huko, kwa maana nyie wa West Nile ndio mtakaoielewa kuliko mtu yeyote. Aldridge alisema mistari yake kwa Kiingereza. Waigizaji wenzake walisema yao kwa Kijerumani, au kwa Kirusi. Yeye hajui lugha ya huyu, huyu haijui ya yule, na tamthilia inakwenda. Ilibidi ajue kwa sauti na kwa mwili mahali ambapo mwenzake anamaliza, ajue ni wakati gani ageuke, wakati gani anyamaze. Watazamaji wasiojua Kiingereza walilia wakimtazama, kwa sababu uso wake, mikono yake na mwendo wake viliwaambia kila kitu.

Mko wapi nyie? Mko Pajulu, mahali ambapo mtu husalimia kwa Kilugbara, hununua dagaa kwa Kiswahili, hujibishana kwa Kinubi, husikiliza muziki wa Kilingala, huandika mtihani kwa Kiingereza na kukutana na jirani wa Sudan Kusini anayeongea Kiarabu cha Juba. Koboko mna Kikakwa, nchi tatu zinapakana. Mnasema lugha nyingi ni kikwazo cha drama yenu? Hiyo ndiyo mali yenu! Wekeni mama mmoja anayeongea Kilugbara, mwanajeshi anayeongea Kiswahili, mfanyabiashara wa Ariwara anayeongea Kilingala, na mtazame ukumbi utakavyojaa. Aldridge alifanya hivyo na watu asiowafahamu. Nyie mmezaliwa ndani yake.

Huko St. Petersburg mwishoni mwa 1858 alikutana na Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji wa Ukraine. Shevchenko alizaliwa akiwa mali ya bwana shamba, akakombolewa kwa pesa mwaka 1838, kisha akafungwa uhamishoni miaka 10 kwa sababu ya mashairi yake. Hawakuwa na lugha moja, binti za kabaila wa Kirusi Fyodor Tolstoy ndio waliowatafsiria. Mtoto wa watu weusi wa New York na mtu aliyewahi kuwa mali ya bwana shamba walikaa chumba kimoja, mmoja akamchora mwenzake, na picha ile ipo mpaka leo.

Mwaka 1865 aliigiza Othello ukumbi wa Haymarket, London, katika jiji lile lile lililomdharau. Alifariki tarehe 7 Agosti 1867 mjini Łódź, Poland, akiwa safarini kikazi, akiwa na miaka 60. Alizikwa huko huko. Binti yake Amanda aliishi miaka mingi akifundisha sauti, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Paul Robeson, Marian Anderson na Earl Cameron. Mwaka 2017 Cameron, naye akiwa mwigizaji mweusi aliyekaribia miaka 100, alifunua kibao cha kumbukumbu ya Aldridge palepale Coventry. Kazi ya mtu haifi akiwa amewafundisha wengine.

Na huku kwetu je?

Asije mtu akasema hayo ni ya Wazungu na Wamarekani. Wakati Aldridge anazunguka Ulaya, wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum walikuwa wanapanda Mto Nile kuja nchi hizi zetu za Walugbara, Wakakwa na Wamadi. Utumwa alioulaani jukwaani ulitufikia milangoni.

Na Uganda ina waigizaji wake walioshika jukwaa na ufunguo. Wycliffe Kiyingi alianzisha African Artists Association mwaka 1954, kabla National Theatre ya Kampala haijafunguliwa mwaka 1959. Hakusubiri jengo. Katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere waliunda kundi la kusafiri, wakapeleka maigizo mikoani kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Robert Serumaga aliunda Theatre Limited, kisha Abafumi, akachukua simulizi ya Waacholi akaifanya kuwa Renga Moi, mchezo wa miili, ngoma na nyimbo kuliko maneno, na akauzungusha nchi za nje. Tazameni: simulizi ya kaskazini mwa Uganda ilivuka mabara. Rose Mbowa, mwalimu wa Makerere, alitunga Mother Uganda and Her Children mwaka 1987, akakusanya ngoma na lugha za makabila ya Uganda kwenye jukwaa moja, wakati nchi ilikuwa inatoka vitani.

Na Byron Kawadwa, kiongozi wa Kampala City Players na mtunzi wa Oluyimba lwa Wankoko, aliupeleka mchezo huo Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977. Baada ya kurudi, alikamatwa na watu wa usalama wa serikali ya Idi Amin, akauawa. Sisi watu wa West Nile tunalitaja jina hilo la Amin, mtu mwenye asili ya huku kwetu, kwa uzito, maana kwa miaka mingi tumebebeshwa lawama za matendo ambayo mkulima wa Pajulu hakuyatenda, na baada ya utawala ule kuanguka tukalipizwa kisasi. Ndiyo maana nawaambia tumkumbuke Kawadwa kwa heshima sisi hasa. Walimwua kwa sababu jukwaa lina nguvu. Hakuna anayeogopa kitu kisicho na nguvu.

Sasa mfanye nini?

Hamasa isiyo na kazi ni kelele. Basi nisikilizeni kwa hatua.

Kwanza, gawaneni kazi. Kila kundi liwe na mtu wa jukwaa, mtu wa pesa, mtu wa mavazi na vifaa, na mtu wa matangazo. Aldridge alizijua zote, nanyi mzungushane ili kila mmoja azijue. Nunueni daftari moja. Upande mmoja andikeni kilichoingia, upande wa pili kilichotoka, na lisomwe mbele ya wote baada ya kila onyesho. Makundi mengi hayavunjwi na ukosefu wa kipaji. Yanavunjwa na shilingi elfu hamsini zisizojulikana zilikokwenda.

Pili, tozeni kiingilio. Kiwe kidogo, lakini kiwepo. Mtu aliyelipa shilingi elfu moja hutulia na kutazama, naye akiondoka ameridhika ni tangazo lenu. Kukubali soda ya shirika si dhambi, ila drama ya shirika isiwe ndiyo pekee mnayoijua. Iweni na tamthilia zenu tatu, zilizokomaa, ambazo mnaweza kuzicheza hata mkiamshwa usiku.

Tatu, tafuteni ukumbi ulio karibu. Uwanja wa shule baada ya masomo, ukumbi wa parokia, kivuli cha mwembe sokoni. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), muombeni ruhusa mapema, mpeni kiti cha mbele. Leteni pembe za agwara na kinubi cha adungu viite watu saa moja kabla. Hilo ni tangazo ambalo hakuna bango linaloweza kulishinda. Kule Bidibidi, wilaya ya Yumbe, wakimbizi na wenyeji wana kituo cha sanaa za maonyesho kilichojengwa kwa matofali ya udongo. Ombeni siku ya kuigiza huko. Ombeni muda kwenye Radio Pacis hapa Arua. Anayeomba hupewa, anayekaa kimya hupitwa.

Nne, fanyeni ziara. Pajulu hadi Arua mjini, Arua hadi Vurra, kisha Maracha, kisha Koboko. Fuateni siku za soko, watu wako hapo tayari. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Anzeni kwenu mtunzwe, ndipo mtoke. Mkishaigiza mchezo mmoja mahali mbalimbali, mtajua wapi watu wanacheka na wapi wanapiga miayo, na huo ndio ushauri bora kwa mwandishi.

Tano, semeni jambo lenu. Wapo wazee Arua waliokimbilia Congo na Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaishi kambini, wakarudi kuanza upya. Wapo walioishuhudia Ombaci, tarehe 24 Juni 1981, siku askari walipowaua raia waliokimbilia hifadhi kwenye misheni. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja. Nendeni kwao na kalamu wakiwa hai, ketini chini, muwasikilize, muwaombe idhini, kisha muyapandishe waliyowasimulia jukwaani kwa adabu. Hakuna mtu wa Kampala wala London atakayetusimulia habari hizo vizuri kuliko ninyi. Na msisahau Mungo: usiku wa huzuni umalizike kwa kicheko, watu warudi nyumbani na nguvu.

Sita, fanyeni mazoezi ya kweli. Nimewahi kumtazama binti mmoja wa hapa akifanya mazoezi chini ya mwembe jioni, akiigiza mama anayepokea habari ya msiba. Mara ya kwanza alipiga yowe. Kiongozi wao akamwambia, "Dada, rudia, safari hii usilie kabla hujasikia jina." Akarudia. Akasikiliza, akakunja kanga polepole, akakaa chini bila kutoa sauti. Watoto waliokuwa wakicheza mpira kando yetu walisimama wakamtazama. Hakuna taa, hakuna kipaza sauti, hakuna mfadhili. Yule binti ana kitu kile kile alichokuwa nacho Aldridge. Anachohitaji ni miaka ya kukifanyia kazi, na wenzake wa kumshikilia.

Wazazi, nanyi nina neno kwenu. Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alipata muda wa kutafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice kwa Kiswahili. Kama rais aliona maigizo yanastahili jasho lake, msimwambie binti yenu kwamba drama ni uhuni. Mwulizeni mazoezi yanaisha saa ngapi, mhakikishe anarudi salama, na siku ya onyesho mje. Walimu, wapeni darasa baada ya vipindi. Viongozi wetu wa mji wa Arua, mji huu umekuwa jiji tangu 2020, na jiji linahitaji ukumbi wa wananchi wa kuigizia. Tutaudai.

Lakini ninyi vijana msiusubiri. Aldridge aliingia Coventry akiwa na miaka 20, wengi wenu mmeshaipita. Jumamosi hii kusanyikeni. Chagueni mtu wa daftari. Chagueni tamthilia moja. Wekeni tarehe, iandikeni kwenye karatasi, muibandike dukani, sokoni na kwenye lango la shule. Tangazeni tarehe hiyo bila woga, kwa sababu sisi wazazi na majirani zenu wa Pajulu tutakuja, na kiingilio tutalipa.